Maumivu kwa wagonjwa wa saratani za damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wagonjwa wa lukemia, limfoma na maieloma, na zaidi na wanaowauguza nyumbani: watoto, wake, waume, dada na mashemeji. Majibu hayachukui nafasi ya daktari mwenye vipimo vyako mkononi. Ila jambo moja litajirudia karibu kila mahali, kwa hiyo tulitaje mapema: dawa na mbinu zinazomfaa mtu mwenye maumivu ya kawaida ya mgongo zinaweza kumdhuru mtu mwenye saratani ya damu. Chembe sahani zake (zinazogandisha damu), seli zake nyeupe (zinazopigana na maambukizi) na figo zake haziko kama za wengine.

Saratani iko kwenye damu, mbona mifupa ndiyo inayouma?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa. Katikati ya nyonga, mbavu, kidari na pingili za mgongo kuna uboho, na huko ndiko seli za damu zinakozaliwa. Katika lukemia kali, yaani inayokwenda haraka, seli changa zisizokomaa huongezeka mpaka uboho unajaa na mfupa unabanwa kutoka ndani. Mtoto analia miguu usiku, asubuhi anachechemea, au anakataa kabisa kukanyaga chini. Wengi huambiwa ni baridi yabisi, au selimundu, au "huyo anakua tu", na wiki zinapita.

Maieloma ni habari nyingine. Hapa mfupa wenyewe unaliwa. Seli za maieloma huzichochea seli zinazobomoa mfupa na kuzizuia zile zinazoujenga, kwa hiyo eksirei huonyesha matundu kwenye fuvu, mbavu, nyonga au mgongo. Maumivu huzidi mgonjwa akigeuka kitandani, akikohoa au akipiga chafya, na hupungua akitulia. Mtu aliyepita miaka 50 mwenye mgongo usiopona, damu inayopungua na figo zinazoyumba anapaswa kupimwa maieloma kabla ya kuandikiwa dawa ya nne au ya tano ya mgongo.

Limfoma kwa kawaida haiumi mwanzoni. Tezi huvimba shingoni, kwapani au kwenye kinena bila maumivu, na ndiyo maana watu huchelewa. Huanza kuuma inapobana mshipa wa fahamu, utumbo au uti wa mgongo. Watoto wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki wana aina yao, limfoma ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Uganda: taya linavimba, meno yanalegea, au tumbo linajaa haraka sana.

Kwa lukemia sugu ya mieloidi, mara nyingi kinachosumbua ni bandama. Inakua mpaka mgonjwa anahisi uzito chini ya mbavu za kushoto na kushiba kwa matonge machache. Maumivu yakipanda mpaka bega la kushoto, bandama yenyewe inaweza kuwa na shida.

Kabla ya matibabu hakuwa anaumwa hivi. Kwa nini sasa?

Baadhi ya maumivu huletwa na matibabu, na mengi hupita. Tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, kama methotreksati, sitarabini na doksorubisini huchubua utando wa mdomo na koo. Vidonda hujitokeza siku chache baada ya dripu na kwa kawaida huanza kupona seli nyeupe zinaporudi. Vinkristini, nayo tibakemia, inaweza kuleta maumivu ya taya, ganzi ya vidole na kufunga choo kiasi cha tumbo kuuma. Sindano za filgrastimu, zinazopandisha seli nyeupe, huufanya uboho ufanye kazi kwa nguvu, na mgonjwa anaamka kiuno na mapaja yanamgonga. Hayo ya filgrastimu huisha dawa ikisimama.

Kuna pia kichwa kinachouma baada ya kutolewa maji ya uti wa mgongo: kinazidi akikaa, kinapoa akilala. Kuna mkanda wa jeshi, unaopenda miili yenye kinga dhaifu. Ngozi ya upande mmoja inawaka moto hata siku kadhaa kabla malengelenge hayajaonekana. Ukihisi hivyo, nenda usisubiri upele, maana dawa ya virusi hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Na wale waliotumia dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni kwa muda mrefu, maumivu ya kinena yanayomfanya mtu achechemee yachunguzwe: huenda kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu na kuanza kufa.

Baba ana maieloma na mgongo unamtesa. Jirani ni muuguzi, anaweza kumchoma sindano ya diklofenaki?

Hapana. Hili ndilo swali ambalo jibu lake likijulikana kila duka la dawa, figo nyingi zitasalimika.

Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, meloksikamu na indomethasini ni ndugu wa familia moja. Zinaondoa maumivu vizuri, hakuna anayebisha, na kwa mtu aliyeteguka kifundo hazina neno kubwa. Kwa mgonjwa wa maieloma, figo tayari zimezidiwa na protini zinazomwagwa na seli za saratani, mara nyingine na kalsiamu iliyotoka kwenye mifupa pia. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo. Sindano chache zinaweza kumtoa mtu kwenye figo zinazojikongoja na kumfikisha kwenye kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa mgonjwa wa lukemia au aliye kwenye tibakemia, tatizo ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikiwa chache, mtu hutokwa damu kwenye fizi, puani, tumboni, na kwa bahati mbaya hata kwenye ubongo. Dawa za familia hii hulegeza hata zile chache zilizobaki, na zinachubua tumbo. Aspirini iko hapo hapo, na athari yake hudumu siku kadhaa baada ya kidonge kimoja.

Halafu sindano yenyewe. Kuchoma msuli wa mtu mwenye chembe sahani chache kunaweza kuacha donge la damu ndani ya nyama, linalouma kuliko maumivu aliyoyakimbia. Dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa nayo haimfai mwenye seli nyeupe chache, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale hufungulia bakteria mlango.

Ukienda duka la dawa, usiseme "nipe dawa ya mgongo". Sema: "Mgonjwa wangu ana saratani ya damu, hatumii diklofenaki wala ibuprofeni." Na soma maandishi madogo kwenye pakiti, kwa sababu vidonge vingi vya mchanganyiko vina diklofenaki ndani ingawa jina kubwa la juu halisemi hivyo.

Je, prednisoloni au deksamethasoni? Mtu alizitumia akapata nafuu siku hiyo hiyo.

Inawezekana kabisa akapata nafuu, na hapo ndipo hatari ilipo. Hizi ni dawa halisi za matibabu ya limfoma, maieloma na aina fulani za lukemia. Mtu akizinywa kabla tezi haijakatwa kipande au uboho haujapimwa, seli za saratani hupungua kwa muda na kipimo kinatoka hakieleweki. Ugonjwa unarudi baadaye, na ni mgumu zaidi. Vidonge hivi huuzwa kiholela, wengine huvimeza ili wanenepe, kwa hiyo swali la "ulishatumia dawa gani kabla ya kuja?" lijibiwe kwa ukweli wote, hata kama ni zile za kunenepa.

Kwa aliyekwisha kuandikiwa na daktari wake wa saratani, azimeze kama alivyoelekezwa na asizikatishe ghafla.

Basi Panadol ni salama?

Ndiyo, parasetamoli (Panadol ni jina lake la dukani) ndiyo dawa ya kwanza kwa maumivu madogo, yenye masharti mawili.

La kwanza ni kiasi. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, yaani viwili kila baada ya saa 6. Aliyekonda chini ya kilo 50, au mwenye ini lenye matatizo, apangiwe kiasi kidogo zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo ukijumlisha hizo na Panadol unaweza kupita kiasi bila kujua.

La pili wengi hawalijui. Kwa aliye kwenye tibakemia, pima joto kwanza ndipo umeze. Parasetamoli hushusha homa, na homa inaweza kuwa ndiyo dalili pekee kwamba kuna maambukizi mwilini mwa mtu asiye na seli nyeupe za kupigana. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, usimeze ukalale. Ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe saa nane ya usiku au sikukuu. Nunua kipimajoto kabla ya kununua dawa.

Bibi anajua kukanda, na mjomba anapendekeza hijama. Kuna ubaya?

Nia yao ni njema, ila upo. Mfupa wenye matundu ya maieloma unaweza kuvunjika kwa kukandwa kwa nguvu, kunyooshwa mgongo au kukanyagwa kiunoni. Hijama, yaani kuumikwa na kuchanjwa chale, kunamtoa damu mtu asiyeweza kuigandisha na kumfungulia jeraha asiyeweza kupigana na vijidudu. Hata wembe mpya haubadilishi hilo.

Bibi asinyang'anywe kazi yake. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, mkono unaopita polepole juu ya miguu na mikono bila kuminya, mbali na mahali panapouma, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kwenye kanga: hayo yanatuliza kweli. Mto chini ya magoti kwa anayelala chali, au katikati ya magoti kwa anayelala ubavu, hupunguza mzigo wa mgongo. Mwenye maieloma asinyanyue ndoo ya lita 20, na akipanda daladala au matatu akae mbele, si kiti cha nyuma kabisa ambako kila tuta linampiga kiunoni.

Daktari ametuandikia mofini. Ina maana amekata tamaa?

Ina maana maumivu ni makali. Basi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986: parasetamoli na jamaa zake chini, kodeini katikati, mofini juu. Watu wakaielewa kama ngazi ya kwenda kaburini. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2018 haumlazimishi mgonjwa kupanda kipandio kimoja kimoja. Ukali wa maumivu siku hiyo ndio unaoamua dawa ya kuanzia. Mtoto mwenye lukemia inayotarajiwa kupona anaweza kutumia mofini kwa wiki moja kwa ajili ya vidonda vya mdomo, vikapona, dawa ikapunguzwa na kuachwa, akarudi shule. Mgonjwa wa maieloma anaweza kuitumia mpaka mionzi na tibakemia vikaupunguza ugonjwa, halafu akaiacha. Sisemi kila mtu huiacha. Nasema dawa yenyewe haimuui mtu mapema ikitolewa kwa kipimo sahihi, na mtu aliyelala usiku mzima hula, huoga na kumaliza mizunguko yake ya tibakemia kuliko aliyekesha akigugumia.

Na uteja? Mwili huizoea mofini baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo haikatishwi ghafla, hupunguzwa taratibu. Huko ni kuzoea kwa mwili, na ni tofauti na uteja, ambao ni kuitafuta dawa kwa tamaa hata isipohitajika. Uteja unawezekana, hasa kwa mtu aliyewahi kutumia heroini au pombe kupita kiasi, na huyo amwambie daktari ili asimamiwe kwa karibu. Kwa wengi, anayeomba dawa kabla ya saa yake anaomba kwa sababu kipimo ni kidogo na bado anaumwa.

Mofini ya maji inatumiwaje nyumbani?

Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mofini ya kunywa hutolewa kama maji ndani ya chupa, hutengenezwa kwa unga na ni ya bei ndogo. Uganda imekuwa mfano: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilijenga huduma yake juu ya chupa hiyo, na wauguzi waliofunzwa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) wanaruhusiwa kisheria kuiandika.

Kosa kubwa hutokea kwenye kipimo. Daktari huandika miligramu, wewe unapima mililita, na chupa hazina nguvu sawa. Chupa moja ina miligramu 5 katika mililita 5, nyingine inaweza kuwa na mara kumi ya hiyo ndani ya mililita zile zile. Kila unapopewa chupa mpya uliza: "Hii ni nguvu ile ile ya zamani? Nivute mpaka mstari upi?" Mwombe muuguzi akupe bomba la sindano lisilo na sindano, kisha aweke alama ya kalamu au kipande cha plasta kwenye mstari wenyewe. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kifuniko cha chupa pia hakifai.

Kosa la pili ni la saa. Mofini ya maji hufanya kazi mwilini kama saa 4, kwa hiyo hunywewa kwa saa, si kwa kusubiri maumivu yarudi. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, na ile ya usiku daktari mara nyingi huiongeza maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Sasa angalia karatasi ya hospitali: pameandikwa 10:00. Bibi anasoma saa kumi, anampa dawa alasiri, na mgonjwa ameshinda akiteseka tangu asubuhi. Andikeni saa za Kiswahili kwenye daftari, na kila dozi ikitolewa itiwe alama.

Maumivu yakichomoza katikati ya dozi mbili, kwa mfano kabla ya kuogeshwa au kusafiri, daktari huelekeza dozi ya ziada. Iandikeni nayo. Zikihitajika dozi za ziada kila siku, daftari hilo ndilo litakalomfanya daktari apandishe kipimo bila ubishi.

Chupa ikae mbali na jua na mbali na mikono ya watoto. Kabati lenye ufunguo linafaa zaidi.

Tutarajie madhara gani?

Usingizi na kichefuchefu siku mbili tatu za mwanzo, halafu vinapungua. Wengine husinzia kwa sababu wamekosa usingizi kwa wiki nzima na sasa wanalipa deni. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, ianze siku ile ile mofini inapoanza. Ukipewa mofini bila dawa ya choo, rudi dirishani ukaulize. Maji, papai na uji wa nafaka vinasaidia lakini peke yake havitoshi. Anayetumia na vinkristini yuko kwenye hatari maradufu hapa.

Wagonjwa wa maieloma waangaliwe zaidi. Mabaki ya mofini hutolewa na figo, na figo zikiwa dhaifu hurundikana mwilini. Dalili ni usingizi mzito asioamka vizuri, misuli kurukaruka, kuweweseka, mboni za macho kuwa ndogo sana, na pumzi kuwa chache. Hapo msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali. Kwa watu hawa daktari huanza na kiasi kidogo, huachanisha saa, au hutumia dawa nyingine kama fentanili, dawa kali ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi, inapopatikana. Usibandike plasta ya fentanili ya mgonjwa mwingine hata ukipewa bure. Nguvu yake ni kubwa mno kwa mwili usioizoea, na joto la chupa ya maji moto juu yake huongeza dawa inayoingia.

Pombe na dawa za usingizi zisichanganywe na mofini.

Tramadoli je? Inapatikana kirahisi.

Ni dawa ya maumivu ya kati ikiandikwa na daktari. Ina kiwango chake cha juu, miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima, na ikizidi inaweza kuleta degedege. Haichanganywi ovyo na dawa za msongo wa mawazo. Vidonge vya mtaani hujui ndani kuna nini.

Miguu inawaka moto na vidole vina ganzi. Mofini haisaidii sana.

Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu. Huletwa na vinkristini, dawa za maieloma kama bortezomibu na thalidomidi, mkanda wa jeshi, au na maieloma yenyewe. Wagonjwa husema "kama mchwa wanatembea", au shuka likigusa vidole tu wanaruka. Vifungo vya shati vinawashinda.

Mwambie daktari mapema, kabla ya dozi inayofuata ya tibakemia. Wengi huficha wakihofia matibabu yatasimamishwa. Ukweli ni kwamba daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadili siku za dawa, au bortezomibu ikachomwa chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa, jambo linalopunguza tatizo. Akichelewa kujua, ganzi inaweza kubaki daima.

Dawa zinazosaidia ni amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, au gabapentini na pregabalini, ambazo nazo hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Zipe wiki moja au mbili. Karbamazepini, inayotumika kwa maumivu ya aina hii kwa watu wengine, inaweza kuushusha uboho, kwa hiyo si ya kujinunulia. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na pima maji ya kuoga kwa kiwiko, maana miguu yenye ganzi haitakuambia kuwa maji yamechemka.

Kuna njia nyingine zaidi ya vidonge?

Ipo mionzi, na haitumiki vya kutosha. Mfupa mmoja unaouma sana unaweza kupigwa mionzi mara moja tu, siku moja, na maumivu yakapungua katika siku au wiki chache zinazofuata. Siku mbili tatu za mwanzo yanaweza kuongezeka kidogo, msishtuke. Kwa Tanzania huduma hiyo iko Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando, Mwanza. Kenya iko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na kwingineko. Uganda iko Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Mtu wa Kigoma au Turkana ataona ni safari ndefu kwa kipindi cha dakika chache. Bado ni bora kuliko miezi ya kuongeza vidonge.

Kwa maieloma kuna pia dripu ya asidi ya zoledroniki, inayopunguza kuliwa kwa mifupa na kuvunjika kwake. Kabla ya kuianza nenda kwa daktari wa meno, jino bovu ling'olewe kwanza, kwa sababu kung'oa ukiwa kwenye dawa hii kunaweza kuacha mfupa wa taya usiopona. Baada ya dripu ya kwanza wengine hupata homa na kuumwa viungo siku moja au mbili.

Na msisahau kwamba tibakemia yenyewe ni dawa ya maumivu. Uboho ukipungua kujaa, mifupa hutulia.

Maumivu yapi ni ya kukimbia hospitali?

Mgongo unaouma upya au kuzidi ghafla, pamoja na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Uti wa mgongo unabanwa. Matibabu yakichelewa, hata kwa siku moja, mtu anaweza asitembee tena. Mlazeni chali, asafirishwe amelala, msimweke kwenye bodaboda.

Maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, na kizunguzungu: bandama inaweza kuwa imepasuka. Kichwa kikali cha ghafla kwa mwenye chembe sahani chache. Maumivu yoyote yanayoambatana na homa ya 38. Mfupa uliolia kama umevunjika na sasa haugusiki. Kiu isiyoisha, kukojoa sana, kuchanganyikiwa na choo kigumu kwa mgonjwa wa maieloma: kalsiamu imepanda.

Babu hasemi kama anaumwa. Tutajuaje?

Mfuateni usoni. Anakunja uso akigeuzwa, hataki kuoga, amekuwa mkali kwa wajukuu, anasali amekaa na zamani alisimama. Wazee wengi wamelelewa kwamba mwanamume halalamiki, na wengine hunyamaza ili wasiwaongezee watoto gharama. Akiulizwa mbele ya ukoo mzima atasema hajambo. Aulizwe faraghani, na mtu anayemheshimu.

Swali la "je, kuna maumivu?" hujibiwa "kidogo". Tumieni mkono, kama wauguzi wengi wa tiba shufaa wa Afrika wanavyofanya: ngumi ni hakuna maumivu kabisa, vidole vitano ni maumivu mabaya kuliko yote. "Babu, jana usiku vilikuwa vidole vingapi? Na sasa, baada ya dawa?" Atainua viwili au vinne bila kuonekana analalamika. Andikeni namba, saa, na dawa aliyopewa. Kliniki, daktari mwenye dakika chache ataelewa ukurasa huo kuliko maelezo ya nusu saa.

Mtoto naye?

Kuanzia miaka mitatu au minne wengi huweza kuonyesha kwa vidole au kwa picha za nyuso. Mdogo zaidi, mama ndiye kipimo. Akisema mtoto wake halii hivi siku zote, aaminiwe.

Kipimo cha uboho au cha uti wa mgongo kisifanywe kwa kumshikilia tu. Kuna dawa ya ganzi, kuna dawa ya kulaza, na mzazi ana haki ya kuuliza zitatolewa lini. Usimwambie hataumia, mwambie "utachomwa, itauma kidogo, nami nitakuwa hapa". Akidanganywa mara ya kwanza, mara ya pili atakuwa anapiga mayowe tangu getini. Aspirini asipewe, na kodeini haifai kwa aliye chini ya miaka 12 kwa sababu miili ya watoto huigeuza kuwa mofini kwa viwango visivyotabirika.

Ramadhani imekaribia. Afunge?

Qurani, katika Suratul Baqarah aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na kwa asiyetarajiwa kuweza kulipa mashekhe hueleza fidia ya kulisha maskini. Kitabibu, mwenye maieloma akikaa bila maji mchana kutwa anazihatarisha figo zake, na mofini ya kila saa 4 haiwezi kubanwa kati ya futari na daku. Akisisitiza, amwone daktari wiki kadhaa kabla: kuna vidonge vya mofini vinavyotoka taratibu kwa saa 12. Asijipangie mwenyewe kwa kumeza dozi mbili kwa mpigo wakati wa daku.

Dawa za mitishamba?

Mtajieni daktari kila kinachonywewa, bila aibu. Nyingine hulegeza kuganda kwa damu, nyingine huumiza ini au figo. Hata tunda linaweza kuingilia: balungi hubadilisha kiasi cha imatinibu, dawa ya lukemia sugu ya mieloidi, kinachobaki mwilini.

Mofini tunaipata wapi, na ikibaki tuipeleke wapi?

Haiuzwi duka la dawa la mtaani. Uliza kitengo cha tiba shufaa katika hospitali unakotibiwa; kama hakipo, omba rufaa ya maandishi. Nairobi Hospice inafanya kazi hiyo tangu mwaka 1990, Kenya nzima ina mtandao wa hospisi (vituo vya tiba shufaa), na Tanzania baadhi ya hospitali za Kilutheri, Selian ya Arusha ikiwemo, zimezoea kuwafuata wagonjwa majumbani. Ndugu anaweza kuchukua dawa kwa niaba ya mgonjwa. Abebe cheti, kitambulisho na chupa ya zamani. Msisubiri tone la mwisho: chupa ikibaki ya siku tatu au nne, mtu aanze safari.

Dawa iliyobaki, kwa sababu yoyote ile, irudishwe pale pale ilipotolewa. Isimwagwe shimoni, na isipewe jirani anayelalamika mgongo.